Upanga wa samurai umetuchosha, leteni uta wa Waata

Fungua gemu yoyote ya fantasia, iwe kwenye simu au kompyuta ya saiba pale Malindi mjini. Silaha ni zile zile: upanga wa samurai, shoka la Waviking, fimbo ya mzee mchawi mwenye ndevu nyeupe. Na kijana wa hapa akianza kubuni gemu yake, mara nyingi naye huanzia hapo hapo.

Ya nini, na uta tunao?

Waata, wawindaji wa bara ya Malindi hadi Tsavo, walikuwa na uta wa kuangushia ndovu. Waliouchunguza wameulinganisha na uta mrefu wa Waingereza wa zamani, na kuuvuta si kazi ya mtu wa mwezi mmoja gym. Lakini muuaji hasa ni sumu ya msunguti, inayochemshwa hadi iwe nzito kama lami, na inayosimamisha moyo. Mwindaji huuzungushia mshale utepe wa ngozi, manake sumu ikikauka hupoteza makali. Hebu itie hiyo kwenye gemu: mchezaji mvivu asiyefunga mishale yake anafika mbele ya adui na podo lililojaa vijiti vitupu! Hata kisa kipo tayari. Tsavo ilifanywa mbuga mwaka 1948, na miaka ya hamsini wawindaji wengi wakakamatwa na kufungwa. Kazi aliyorithi mtu kwa babu yake ikaitwa ujangili.

Panda kaskazini kidogo, upande wa Ozi, umkute Fumo Liyongo. Hadithi inasema hakuna chuma kilichomwua, ila shaba ya kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe. Silaha isiyomdhuru yeyote isipokuwa mtu mmoja: ni mbunifu gani wa kule Japani amewahi kuiwaza?

Halafu kuna kiapo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu na viapo, wakakataa kodi na kazi ya kulazimishwa. Kiapo kwenye gemu kingelipa kundi zima nguvu, na atakayekivunja ayaone.

Hapa, lakini, tunaweka mipaka. Kigango si rungu. Ni ukumbusho wa marehemu, na vingi vimeibwa makaburini vikauzwa ng'ambo. Majumba ya makumbusho ya Marekani yameanza kuvirudisha. Gemu inayompa mchezaji pointi kwa kung'oa kigango inamfunza wizi ule ule. Kuhusu fingo, linalozikwa kaya kwa ulinzi, waulizeni wazee kwanza. Wakikataa, basi.

Na huyo mchawi mwenye mvi mwacheni kabisa. Kwa wenzetu yeye ni Gandalf, anapigiwa makofi. Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine na jamaa zao wanaotaka shamba, na pale Malindi kuna makao ya kuwahifadhi walioponea. Kijana wa Ganze au Magarini hahitaji gemu ya kumzoesha kumkata panga ajuza.

Mkitaka adui wa mwisho wa kutisha, mvisheni kofia ya afisa wa kikoloni, mumpe baruti. Mnamo Agosti 1914 waliilipua Kaya Fungo. Ramani ya uwanja huo haihitaji kubuniwa.