Kabla ya kushangilia stima ya nyuklia, uliza taka zitawekwa wapi

Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia. Baadaye mjadala ukahamia Siaya. Kelele zote hizo ni kuhusu mahali pa kujenga. Lakini wewe kijana, umewahi kuuliza taka zake zitaenda wapi?

Si takataka za kubebwa na lori hadi Dandora. Fueli ikishatumika hubaki na sumu ya miale kwa muda mrefu ajabu. Plutoniamu-239, kwa mfano, huchukua takriban miaka 24,000 kupungua nusu tu.

Habari njema ni kwamba sayansi haijalala. Ufaransa huchakata fueli iliyotumika, kisha huyeyusha taka kali zinazobaki pamoja na glasi. Huko Australia, Profesa Ted Ringwood alikuja na wazo jingine mwaka 1978: kauri iitwayo Synroc, yaani jiwe la kutengenezwa. Aliiga mawe ya asili ambayo yamefungia urani ndani yake kwa mamilioni ya miaka. Taka huchanganywa na madini ya titani, halafu mchanganyiko hukandamizwa kwenye joto kali hadi uwe jiwe. Hapo chembe za sumu huwa sehemu ya jiwe lenyewe, na maji hupata taabu kuzing'oa.

Usidanganyike, kauri peke yake haimalizi kazi. Jiwe hilo bado linahitaji kuzikwa chini sana. Finland ilianza kutumia nyuklia mwaka 1977, lakini uchimbaji wa kaburi lake la taka, Onkalo, ulianza mwaka 2004, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Kama nchi tajiri hivyo ilichukua miaka yote hiyo, sisi tunangoja nini?

Mimi sipingi nyuklia. Ninachopinga ni kuambiwa ati mambo ya taka yatapangwa baadaye. Mtambo huweza kufanya kazi miaka 60. Wanaotia saini leo watakuwa wamestaafu kitambo, na bili itakuja kwako na kwa watoto wako.

Kwa hivyo kukiitwa kikao cha maoni ya umma, nenda. Uliza mambo matatu: taka zitafungwa kwa glasi, kauri au nini? Zitazikwa wapi? Na pesa za kazi hiyo zitawekwa kando lini? Wakikosa majibu, waambie warudi wakajipange kwanza.