Mwembe wa Babu na Mchoma Makaa

Mwembe uliokuwa uani kwetu, upande wa Mambrui, uling'oka wakati wa mvua kubwa za vuli za mwaka 2023. Alhamdulillahi haukumwangukia mtu. Marehemu babu ndiye aliyeupanda, na chini ya kivuli chake tulisomeshwa juzuu sote, wake kwa waume. Siku ya tatu tu, majani yakiwa bado mabichi, alifika mchoma makaa akauzunguka mti mara mbili, akataja bei.

Wasomaji wataniwia radhi nikisema kweli. Sisi watu wa Pwani twajisifu mno kwa milango ya Lamu na ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mgeni akija humwonyesha nakshi, tukamweleza habari za msaji uliotoka Bara Hindi na mbambakofi wa misitu yetu wenyewe. Lakini mti ukianguka katika ua wa mmoja wetu, hatuoni ubao ndani yake. Twaona kuni. Tukishauchoma, twaenda dukani kununua mbao laini zilizoletwa na lori kutoka bara, tena kwa bei ambayo tangu serikali ilipozuia ukataji katika misitu ya umma mnamo Februari 2018 kila fundi ameilalamikia.

Watu husema sababu ni uvivu. Mimi siafiki. Kwetu tulikuwa warithi sita, wanaume watatu na wanawake watatu, wazazi wameshatangulia. Hayo ni mafungu tisa. Makaa hugawika: gunia hili la fulani, na lile la fulani, kila mtu akaenda zake na roho safi. Gogo halina mafungu tisa. Basi mti mzuri huchomwa, si kwa kuwa haufai, bali kwa kuwa makaa hayaleti ugomvi. Nami nilipotaka shina lisichomwe, dada yangu mkubwa aliniuliza mbele ya wote, "Kaka, hizo mbao zako zitakauka lini, na wanangu wanataka karo mwezi huu?" Sikuwa na jibu. Tulibishana wiki mbili. Mwisho nililichukua shina kama fungu langu, kwa bei ya makaa, na kilichozidi haki yangu nikakilipa fedha taslimu. Matawi wakayachoma.

Zile wiki mbili zilinigharimu kuliko fedha nilizotoa. Gogo hupoteza maji kwa kasi mno pale lilipokatwa, kuliko ubavuni, na pale ndipo linapopasuka. Ilinipasa kupaka ncha zote mbili rangi nzito ya mafuta siku ile ile ya kukata. Hata mabaki ya rangi ya mlango yangetosha. Sikujua. Nilipokwenda kulitazama, nyufa zilikuwa zimeingia kiasi cha shubiri nzima kila upande. Tena mwembe si mti wa kuachwa chini: ukungu huutia madoa, na wadudu hawachelewi.

Kijana mmoja mwenye msumeno wa injini alinambia atanimalizia kwa nusu siku, kwa kukadiria kwa jicho. Nikamtazama akijaribu tawi. Mnyororo ule hula karibu robo inchi ya mti kila unapopita, pengine zaidi, na ubao ukatoka mnene huku na mwembamba kule. Kwa mikato minne mitano umekwisha kugeuza ubao mzima kuwa unga. Nikamwendea mzee mmoja aliyepasua mbao ujanani mwake, ambaye msumeno wake mrefu wa watu wawili ulikuwa umening'inia darini kwa miaka mingi.

Yule mzee hakugusa msumeno siku ya kwanza. Tulichimba shimo la kimo cha mtu, tukalilaza gogo juu yake kwenye boriti mbili, tukalibandua magamba. Kisha akashusha timazi kwenye kila ncha, akachora, akavuta uzi uliopakwa masizi kutoka ncha hii hadi ile. "Mwanangu," akanambia, "mistari ya huku isipolingana na ya kule, ubao utajipinda kabla hujaukata." Siku ya pili akapanda juu yeye, kwa kuwa wa juu ndiye nahodha, nami nikashuka shimoni kuvuta. Msumeno ule hukata unaposhuka tu. Kuupandisha ni kuurudisha. Unga wa mwembe na utomvu wake viliniwasha shingo usiku kucha. Nyuma ya msumeno tuligonga kabari ndogo ili mti usiubane.

Katika ubao wa tatu tulisikia mlio nisioupenda. Msumari! Ni ule wa kamba ya nguo, ambao babu aliupigilia sisi tukiwa watoto, na mti ukaumeza. Meno manne yakaenda. Mzee alikaa na tupa tangu adhuhuri hadi alasiri, asiseme neno. Anayetaka kupasua mti wa uani na aulize kwanza wakongwe wa nyumba ile walitundika nini na wapi.

Tulipata mbao kumi na moja za unene wa inchi moja na robo, maana zikikauka hupungua. Ile ya katikati yenye kiini ilipasuka yenyewe, kama mzee alivyotabiri. Mbili nilizianika juani kwa haraka zangu, zikapinda kama ngalawa. Zilizosalia, nane, nilizipanga kivulini juu ya matofali, kila moja ikitengwa na mwenzake kwa fito za inchi moja, fito zikikaa wima moja juu ya nyingine, na mawe juu kabisa. Kawaida ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na jua letu la Pwani lisikudanganye, hewa yetu ina maji.

Miezi minane baadaye, jirani yetu alifariki baada ya Isha, na maduka ya mbao yamefungwa. Wakaja kuuliza kiunza. Nilitoa mbao mbili. Mwanandani haiulizi kama ubao umekauka. Aliyekuja kuzichukua alikuwa mwana wa dada yangu yule yule, na kesho yake dada mwenyewe alikuja uani, akazihesabu zilizobaki, akauliza kama sita zatosha mlango.

Zatosha, nikamwambia, lakini si mwaka huu.