Tunakaa juu ya mawe, tunalala ndani ya mbao

Wandugu, vijana wenzetu wa Goma,

Ukipita Majengo, Ndosho ao Buhene, angalia chini: ni mawe meusi ya Nyiragongo. Sasa inua macho: nyumba nyingi ni mbao na manjanja. Mawe iko chini ya miguu yetu, lakini wengi wetu hatuwezi kujenga nayo. Juu ya nini?

Si ujinga. Ukuta wa mawe unaomba simenti, na simenti nyingi tunayoona hapa inavuka mpaka kutoka Uganda na Rwanda. Tena mutu asiye na karatasi za kiwanja anaogopa kujenga ukuta ambao hataweza kubeba siku wakimufukuza. Mbao zinabomolewa asubuhi, zinapakiwa kwenye chukudu, mangaribi nyumba imesimama fasi ingine. Na 2021, kisha volkano ya tarehe 22 mei, matetemeko ilipasua kuta za mawe na za matofali. Wazazi wetu, walioona lava ikiingia katikati ya muji mwezi wa januari 2002, wako na sababu zao.

Lakini mbao iko na deni. Nyumba zimebanana, mulango kwa mulango. Moto ukianza kwa jirani, unakula avenyu nzima mbele maji ifike. Na musitu nao unaisha. Tunapika na makala, tunajenga na mbao, na makala mengi yanatoka ndani ya Virunga, hifadhi ya tangu 1925.

Tuseme ukweli: ukosefu huu haukutoka kwa Mungu. Inchi yetu inachimba kobalti kuliko inchi zingine zote pamoja, lakini mwalimu wa Goma ananunua simenti mufuko moja moja, miaka na miaka.

Wamoja kati yetu tulisoma ujenzi. Tulifundishwa kuhesabu nguzo za beto. Namna ya kufunga vizuri jiwe la lava chini na mbao juu, nyumba ambayo baba zetu wanajenga kila siku, hakuna aliyetufundisha. Leo tuko na diploma, tunauza unite kando ya barabara.

Kwa hiyo tunaomba wenye mamlaka:
– karatasi za viwanja kwa bei ambayo mutu wa kawaida anaweza kulipa;
– ushuru wa simenti upunguzwe;
– masomo na vituo vya afya vijengwe na mawe ya hapa, na vijana wa hapa, na mama wanaovunja kokoto walipwe haki yao;
– njia ya gari la kuzima moto ifunguliwe katika kila kartye.

Na sisi tusingoje. Avenyu yako iko na njia ya kukimbilia? Kama haiko, ita majirani juma hii, muifungue pamoja. Kila nyumba ipande miti kwenye kilima ambapo mbao zake zilitoka.

Moto hauchague kartye. Sisi nasi tusijitenge.