Kutu Chini ya Utando

Ndege ya uchukuzi ya kijeshi inapoanguka, neno la kwanza kusikika ni kwamba ilikuwa kuukuu. Kauli hiyo siikubali. Ndege za aina ya C-130, ziitwazo Hercules, zilianza kuruka mwaka 1954, na nyingi zenye umri mkubwa zingali zikifanya kazi. Umri peke yake hauangushi ndege.

Yafaa tuitazame moja ya jamii hiyo, KC-130T ya askari wa akiba wa kikosi cha Marine cha Marekani. Kazi yake ilikuwa kuchukua watu na mizigo, na kuzijaza ndege nyingine mafuta zikiwa angani. Tarehe 10 Julai 2017 iliondoka Cherry Point, North Carolina, kuelekea El Centro, California. Haikufika. Ilivunjika angani juu ya jimbo la Mississippi, na watu wote 16 waliokuwamo wakafa: askari 15 wa Marine na tabibu mmoja wa Jeshi la Wanamaji.

Chanzo kilikuwa bapa moja la rafadha, au pangaboi kama wengi tusemavyo. Kila rafadha ya ndege hiyo ilikuwa na mabapa 4 ya aluminiamu, yakizunguka kiasi cha mara 1,020 kwa dakika. Mwanafunzi wa fizikia na akokotoe: kilo 1 ya metali iliyo mita 1 kutoka kwenye mhimili huhitaji kani ya nyutoni zipatazo 11,400 ili isitupwe nje. Hiyo ni sawa na uzito wa kitu cha zaidi ya tani moja! Sasa, penye kishimo cha kutu mkazo hukusanyika. Ufa mdogo huanza, nao hurefuka kidogo kidogo kila ndege inaporuka, hata siku moja metali iliyosalia ikashindwa kubeba mzigo. Wahandisi huuita uchovu wa metali.

Bapa hilo lilikatika, likapenya ubavu wa kushoto wa ndege na kukwama upande wa pili. Mshtuko ukaing'oa rafadha ya injini ya tatu, ya upande wa kulia, nayo ikaupiga mwili wa ndege.

Lakini kutu hiyo haikuzuka ghafla. Mwaka 2011 bapa lilipelekwa kukarabatiwa katika karakana ya Jeshi la Anga la Marekani huko Warner Robins, Georgia. Wachunguzi walikuta utando wa kukinga umepakwa juu ya vishimo vya kutu, ushahidi kwamba kutu ilikuwapo siku ile, ikafunikwa badala ya kuondolewa. Katika mabapa yote 16 ya ndege hiyo, 12 yalikuwa na kutu iliyopita karakanani namna hiyo. Na ni nani aliyeyapitisha? Haikuweza kujulikana, kwa kuwa hati za kazi zilitakiwa kutunzwa miaka 2 tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoihesabu kazi ya ukaguzi kuwa ya mafundi, si ya sayansi. Kukagua bapa ni kupima, sawasawa na kupima maabarani, na daftari la vipimo ni sehemu ya kipimo chenyewe. Wanafunzi wanaoingia chuo kikuu hujua kanuni ya uchovu wa metali kwa ghibu, lakini wengi hujaza jedwali la jaribio kwa tarakimu zinazotarajiwa, si zile walizoziona. Nadhani sisi walimu tunalipalilia jambo hilo kila tunapotoa alama kwa jibu sahihi bila kuuliza lilipatikanaje.

Mwaka 2022 mafundi waliokuwa wakijaribu injini za C-130H moja waliona rafadha ikivuja, na uvujaji haukukoma. Hawakuridhika, wakaifungua na kuipeleka karakana ileile ya Warner Robins. Fundi aliyeibomoa akaona ufa katika kitovu chake. Zikapatikana nyingine mbili zenye nyufa, na ndege 116 zikazuiwa kuruka hadi rafadha zao zikaguliwe au zibadilishwe.