MASHUJAA WA VITA: Wawili Katika Kiti cha Mmoja

Mtu asimamaye juu ya milima ya Nyambene, huko Meru, akielekeza uso wake kaskazini, huiona nchi kavu iliyotandaa chini yake upande wa Isiolo. Na mito ishukayo kutoka Mlima Kenya na kupita Embu huingia katika Mto Tana, ambao hupita Garissa kabla ya kufika baharini. Njia hizo mbili, ya Isiolo na ya Garissa, ndizo zilizofuatwa na majeshi mapema katika mwaka wa 1941, yalipokwenda kupigana na Wataliani katika Uhabeshi na Somalia.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Siku chache baadaye ndege zake ziliitupia Wajir mabomu, na mwezi wa Julai Moyale ilitekwa. Ilikuwa dhahiri kwamba askari waendao kwa miguu na kwa malori katika nchi isiyo na miti ya kujifichia hawangesalimika bila ya ndege za kuwalinda. Kwa hiyo vikosi vya ndege vya Afrika Kusini vililetwa Kenya. Miongoni mwa marubani waliokuja alikuwamo kijana mmoja wa Kikosi cha 3, Kapteni John Frost.

Ndege aliyoirusha ilikuwa ya aina ya Hurricane. Ilikuwa na injini moja na bombomu 8 mabawani, na mwendo wake ulipita maili 300 kwa saa. Rubani hakuwa na mwenziwe wa kumsaidia: yeye ndiye mwenye usukani, yeye ndiye mpigaji. Kiti kilikuwa kimoja tu, na nafasi yake ilimtosha mtu mmoja na mwavuli wake.

Tarehe 3 Februari 1941 Frost alikutana na ndege za Wataliani zilizokuja kutupa mabomu. Kabla ya siku hiyo kuchwa alikuwa amekwisha kuangusha ndege 4: tatu za mabomu, aina ya Caproni, zenye injini 3 na mwendo wa polepole, na moja ya kivita, aina ya Fiat. Alitunukiwa nishani ya DFC. Lakini jambo linalokumbukwa zaidi kuliko ushindi huo ni la siku aliyoangushwa yeye mwenyewe.

Tarehe 15 Machi kikosi chake kilikishambulia kiwanja cha ndege cha Diredawa, mji wa Uhabeshi ulio kwenye reli ya kutoka Jibuti. Ndege ya Frost ilipigwa, naye akalazimika kutua katika nchi ya adui. Luteni Robert Kershaw alimwona. Hapana amri iliyomlazimisha kushuka. Ndege iliyo chini ni shabaha rahisi hata kwa mwenye bunduki moja, na kama angekosea, jeshi lingepoteza ndege mbili na marubani wawili badala ya mmoja. Hata hivyo Kershaw alishuka, akatua huku adui wakipiga risasi.

Frost alikimbia akaparamia ndege ile. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, ilibidi mmoja ampakate mwenziwe, wakagawana kazi ya kuiongoza. Ndege iliruka, nao wakarudi salama. Kwa tendo hilo Kershaw alitunukiwa nishani ya DSO.

Majuma matatu baadaye, tarehe 6 Aprili, majeshi yaliingia Addis Ababa. Si haki kuwasifu marubani na kuwasahau waliokuwa chini yao. Wakati ule Jeshi la Anga la Afrika Kusini halikumruhusu Mwafrika kuwa rubani. Lakini askari wa Kiafrika wa KAR, pamoja na ndugu zao wa Nigeria na Gold Coast, walivuka jangwa lile lile na kuvumilia kiu ile ile.

Frost aliishi miezi 15 tangu siku ile ya Diredawa. Alipewa uongozi wa Kikosi cha 5 katika vita vya jangwa la Afrika Kaskazini, na hakuna rubani aliyeangusha ndege nyingi kumpita yeye katika vikosi vya Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1942 alikwenda vitani karibu na Bir Hacheim asirudi, na mwili wake haukupatikana.

Wako watakaouliza, je, kulikuwa na faida gani ya kumwokoa mtu ambaye baadaye vita vilimchukua? Kershaw hakuweza kuyajua ya mwaka wa pili. Alijua jambo moja tu, kwamba mwenziwe yuko chini, naye anaweza kumfikia. Wazee walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.