Pambizo Nyeupe si Uvivu wa Wenye Saiba

Mwandishi aliyedai kwamba wenye saiba wa Voi huacha pambizo nyeupe kwenye slaidi za wanafunzi kwa uvivu tu amewaonea.

Hesabu aliiruka. Slaidi za siku hizi kwa kawaida ni za uwiano wa 16:9. Karatasi ya A4 ikilazwa ina milimita 297 kwa 210. Slaidi ikienea upana wote, kimo chake ni milimita 167. Zinabaki 43 tupu, juu na chini. Ukiivuta kwenda chini ijae, ramani ya Taita Taveta inapotoka na duara linakuwa yai. Ukiikuza bila kuipotosha, milimita 38 zinakatwa kila upande, pengine na jina la mwanafunzi. Bidii ni ipi hapo?

Tena printa nyingi za leza hazichapi hadi ukingoni kabisa. Anayetaka rangi ifike ukingoni achapiwe kwenye karatasi kubwa, kisha ikatwe, na kukata kuna bei yake.

Dawa anayo mwenye slaidi. Kabla ya kuandika neno la kwanza, aandike ukubwa mwenyewe: sentimita 29.7 kwa 21. Asitegemee A4 iliyo kwenye orodha ya PowerPoint. Hiyo ni 27.517 kwa 19.05 (ajabu, lakini ndivyo). Na kama slaidi ni za kuonyeshwa ukutani, abaki na 16:9, avumilie weupe huo. Mhadhiri atapata pa kuandikia masahihisho. Mwenye saiba hana kosa.