Mvua imerudi, na sisi tunahesabu



Mvua imerudi kabisa. Mwezi wa tatu hapa Goma mnaujua: asubuhi jua, saa nane mawingu yanashuka toka upande wa Masisi, saa tisa mabati yanapiga kelele hata hamsikiani na mtu mliyekaa naye. Lakini baadaye vumbi nyeusi inalala na mbingu inatakata. Siku ya pili jioni tuliona Nyiragongo yote toka chini mpaka juu, na kuume kwake Mikeno na Karisimbi. Niliita watoto wote watatu nje, nikaacha sombe kwenye mbabula. Iliungua kidogo. Tulikula hivyo hivyo.

Wengi mmeniuliza habari ya mtoto wangu wa mwisho, yule anayesomea nyumbani. Leo nijibu wote pamoja.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, vita ilipoingia mjini, tulilala chini kwenye koridoo siku kadhaa, bila maji na bila umeme, kama wengi wenu. Mwezi wa pili shule zilipofunguliwa tena, wakubwa wawili walirudi. Huyu wa miaka saba alifika kwenye mlango wa shule, akashika kikwembe changu, akatapika. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nilimkaripia mbele ya watu: "Wewe si mtoto mchanga!" Sijivunii neno hilo. Usiku ule mvua ilipiga na ngurumo kubwa, akaingia chini ya kitanda mpaka asubuhi. Hapo ndipo nilielewa. Kwake ngurumo na bomu ni sauti moja, na shule ni mahali ambapo sauti ile itamkuta mama hayupo.

Nilienda kuonana na mwalimu wake. Hakunigombeza. Alinionyesha masomo ya muhula, na tangu siku ile, kila siku ya tano kaka yake analeta kaye ya mwanafunzi mwenzake, tunanakili. Tunasoma saa moja tu, baada ya uji, mlango ukiwa wazi. Kusoma kwanza, kisha hesabu. Nyingine zote tunajifunzia kazini: kuchagua maharagi, kufua, kwenda sokoni.

Jambo lililotusaidia zaidi nilipewa na mama jirani aliyefundisha sekondari zamani. Aliniambia: umeme na ngurumo vinatoka pamoja, lakini mwanga unafika palepale, na sauti inakuja nyuma, mita karibu 340 kwa kila sekunde. Kwa hiyo ukiona mwanga anza kuhesabu. Kila sekunde tatu ni kilometa moja hivi.

Tulijaribu siku ya kwanza chini ya blanketi. Mwanga: moja, mbili, tatu... tukafika 21. Kilometa saba. "Saba ni wapi?" Nikamwambia ni kama njia ya kwenda Mugunga. Mara ya pili 15. Mara ya tatu tisa, akanikaba shingo. Halafu 12. Halafu 18. Akainua kichwa akasema, "Mama, inaenda."

Tangu mwezi wa kwanza sikuwa nimemsikia akisema kitu kibaya kinaenda.

Wamama, chukueni na hii kwa usalama: mkihesabu chini ya 30 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko karibu ya kilometa kumi, na hapo watoto waingie ndani. Wasisimame chini ya mti, na aliye ziwani na bidoni atoke majini upesi.

Mvua ilituletea na hesabu ya mkubwa. Alisikia shuleni kwamba milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni litri moja ya maji. Paa yetu ni meta sita kwa tano, yaani 30. Tuliweka kopo lililonyooka nje, asubuhi tukapima kwa rula: milimeta 12. Akaandika 360, akagawa kwa 20, akapiga kelele: "Mama, bidoni 18!" Yule wa pili akamwambia, "Mfereji tunao upande mmoja tu." Basi tisa. Na pipa letu linaingia bidoni tano. Waligombana nusu saa juu ya zile nne zilizomwagika, nami nilinyamaza, maana ilikuwa ni hesabu bila mtu kuwalazimisha.

Maji yale tunafulia na kumwagilia, hatunywi. Mvua ya hapa inapita kwenye moshi na majivu ya volkeno, na inaweza kubeba fluori, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji ya kunywa tunachota mahali yanapotiwa klore.

Bustani yetu ni magunia matatu, kwa sababu chini yetu ni jiwe la Nyiragongo tupu. Udongo tulinunua, ukaletwa kwa chukudu. Mtoto wa mwisho ana gunia lake la lengalenga. Kila asubuhi anaandika kwenye kaye: "Leo majani mawili." "Leo majani manne." Siku moja aliandika "Leo kuku", na mimi nilielewa bila kuuliza.

Tukitoka kutafuta majani na mawe ya kuchora, tuna sheria moja inayokuja mbele ya zote: chuma usichokijua usiguse, usikipige teke, simama, rudi njia uliyojia, uite mtu mkubwa. Nawaomba muirudie kwa watoto wenu kila siku, hata wakichoka kuisikia.

Mama mkwe wangu hafurahii. Anasema mtoto asiyekaa na wenzake atakuwa mwoga maisha yote, na kwamba sisi tulikimbia 2002 na 2021 lava ikishuka, na bado tulirudi shule. Simdharau. Ana haki upande mmoja: mtoto anahitaji wenzake, na shule ya msingi ni haki yake, Katiba yetu inasema ni ya lazima na ya bure. Sikumtoa shuleni. Ninamtembeza kuirudia. Wiki iliyopita tulienda mpaka mlangoni saa ya kutoka, tukamngoja kaka yake. Wiki hii aliingia uwani kumsalimia mwalimu, mkono wake ndani ya wangu. Hakutapika. Baada ya likizo ya Pasaka tutajaribu saa moja darasani, nami nitakaa nje chini ya ukuta. Akishindwa tutarudi nyumbani kwa uji, na kesho yake tutajaribu tena.

Siku ya ine usiku radi ilinishtua. Nilikaa kitandani, nikingoja aniite. Hakuita. Nikamsikia gizani anahesabu peke yake, polepole, kwa Kifaransa. Alifika quatorze, akakwama, akaendelea kwa Kiswahili: kumi na tano, kumi na sita. Ngurumo ikalia. Kimya kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mwalimu, "Iko mbali." Akageuka, akalala.

Mimi ndiye niliyekesha.

Siku ya posho tukikutana, mwenye kaye za zamani au kitabu cha mwaka wa pili azilete, tubadilishane. Na mbegu za lengalenga ninazo, njooni na karatasi ya kufungia.